Saa ya Jua Ikifika Chania

Niliacha chuo mwaka wa pili, na miezi ya kwanza sikuwa na la kufanya. Nikapigilia msumari kwenye ubao, nikauweka juu ya paa la ploti yetu karibu na mto Chania, nikaanza kuchora kivuli chake. Shosho alicheka tu. Yeye alichuma kahawa kwenye shamba moja Ruiru. Nyapara alikuwa na saa ya mkono, wachumaji walikuwa na vivuli vyao, na wakirudi kutoka chakula walikatwa pesa kwa kuchelewa.

Saa za jua huitwa kwa jinsi bamba lilivyokaa. Ya mlalo hulala kama sahani, ya wima hubandikwa ukutani. Ya ikweta huwa sambamba na ikweta, ya ncha sambamba na mhimili wa dunia. London, nyuzi 51 kaskazini, hizo ni nne tofauti kabisa. Zilete Thika, nyuzi moja hivi kusini ya ikweta, uone vituko: ya ncha inalala chini karibu kabisa, ya ikweta inasimama kama ukuta. Majina manne, mikao miwili. Na hiyo ya ukutani uichore pande zote mbili, maana jua hukaa kaskazini karibu nusu mwaka, kisha linahamia kusini.

Kuna kuzipanga kwingine, kwa kuuliza hesabu inaanzia wapi. Wataalamu wa Ulaya huita saa zinazohesabiwa tangu jua kuchomoza za Babeli, na zinazoanza jua likizama za Kiitalia. Sisi tunaosema saa moja asubuhi na saa moja usiku tunatumia zote mbili kila siku, bila kujua zina majina. Waislamu wa pwani nao wana alama yao: alasiri huingia kivuli kikirefuka, juu ya kile cha adhuhuri, kwa urefu wa kitu chenyewe.

Msumari wangu ulitoa kivuli kifupi zaidi kama saa sita na nusu. Hakuna uchawi. Saa ya Kenya hufuata longitudo ya 45, karibu na Mogadishu. Thika iko 37, na kila nyuzi ni dakika nne. Februari inafika karibu saa saba kasorobo, Novemba mapema inashuka hadi saa sita na robo. Enzi za mkoloni kuna miaka saa iliwekwa dakika 165 mbele ya Greenwich, badala ya 180 za leo, kwa hiyo hata pengo lenyewe limewahi kusogezwa kwa kalamu.

Nikamwonyesha Shosho alama. Akaitazama muda mrefu.

“Kwa hivyo hatukuwa tumechelewa,” akasema.