Asili ya Vijiji Vyetu na Haja ya Hati za Viwanja



Mtu apitaye njia za Tetu, Mathira, Othaya na Mukurweini huona nyumba nyingi zilizobanana mahali pamoja, na pande zote mashamba ya kahawa na chai yenye nyumba mojamoja. Mgeni hudhani kwamba ndivyo walivyokaa wazee wetu tangu zamani. Sivyo. Yafaa vijana waelezwe asili ya jambo hili, kwa maana shida ya nyumba tuliyo nayo leo ilizaliwa hapo.

Zamani Wakikuyu hawakukaa vijijini. Kila mbari ilikuwa na ardhi yake, iitwayo githaka, na kila mtu alijenga penye shamba lake. Asiye na ardhi aliomba kwa mwenye nayo, akaitwa muhoi, akapewa mahali pa kulima na pa kujenga. 

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katikati ya mwaka 1954 Serikali ya kikoloni iliamuru watu wote wahamishwe vijijini, ili wapiganaji wa msituni wakose chakula na habari. Hadi mwisho wa mwaka 1955 zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamekusanywa katika vijiji zaidi ya 800. Wengi wa waliojenga vibanda vile walikuwa akina mama, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Vijiji vingi vilizungushiwa handaki na seng'enge, na kituo cha walinzi kikasimamishwa karibu.

Wakati huohuo ulikuja mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vilikusanywa kuwa shamba moja, likapimwa na kuandikwa. Kila mwenye ardhi alikatwa sehemu kidogo ili ipatikane ardhi ya shule, soko, barabara na kijiji. Faida zilikuwapo: kahawa ilipandwa, na mwenye hati aliweza kukopa fedha. Lakini daftari liliandika jina la mwenye shamba peke yake. Haki ya muhoi haikuwa na mstari. Waliokuwa kizuizini hawakuwapo kujisemea. Tena sheria ya ardhi ya mwaka 1963 ilikataza mahakama kurekebisha uandikishaji wa kwanza, hata kama ulipatikana kwa hila.

Hali ya hatari ilipokwisha mwaka 1960, wengi wenye mashamba walikuwa wamerudi kwao au walikuwa njiani kurudi. Waliobaki kijijini ni wale wasio na pa kurudi: ahoi wa zamani, wajane, na waliopoteza ardhi. Kambi ya vita ikawa makao ya maskini.

Sasa wajukuu wao wamekuwa wazazi. Kiwanja kilichotosha kibanda kimoja hubeba nyumba za ndugu watatu. Mwana akitaka kujenga kwa mawe, husita, kwa maana hana karatasi ya kuonyesha kwamba ardhi ni yake; na benki haimkopeshi. Katika miaka ya karibuni hati zimeanza kutolewa katika baadhi ya vijiji, lakini wengi wangali wanangoja, na mahali pengine mipaka ina ugomvi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Waliohamishwa wakiwa watoto ndio wazee wetu wa leo, nao wanapungua kila mwaka. Wao ndio wajuao nani alikaa wapi, handaki lilipita wapi, na kipi kilikuwa kiwanja cha shule. Basi kila tawi la chama lichague mwandishi, aketi na wazee, aandike majina na mipaka mbele ya mashahidi, ili wapimaji wajapo wakute ushahidi uliokwisha tengenezwa. Wakati ule daftari lilifunguliwa na wengi wetu hatukuandikwa. Likifunguliwa tena, tusikose kuwapo.