Sita Waliofungiwa Mlango New York

Jarida la hadithi za kisayansi, Amazing Stories, lililotoka mara ya kwanza Aprili 1926, linatimiza karne moja, na sifa zinamwendea mwanzilishi wake, Hugo Gernsback. Wasomaji wake nao wanastahili zao. Gernsback alichapisha barua zao pamoja na anwani, na vijana waliodhani wanapenda hadithi za roketi na sayari peke yao wakaanza kuandikiana, kisha kutafutana.

Moja ya klabu za mwanzo kabisa, Scienceers, iliundwa New York tarehe 11 Desemba 1929. Kwa ushuhuda wa Allen Glasser, mwanachama wake, mwenyekiti alikuwa Warren Fitzgerald, Mmarekani mweusi wa miaka kama 30, na vijana wa kizungu walikuwa wakienda kukutana nyumbani kwake Harlem. Katika Marekani ya ubaguzi, hilo lilikuwa jambo zito. Ni aibu kwamba hata wapenzi wengi wa hadithi hizi hawalijui jina lake.

Wanalolijua ni ugomvi uliofuata kati ya wapenzi hao, kwa kuwa aliyeandika historia alikuwa mgomvi mmojawapo: Sam Moskowitz, mtunzi wa The Immortal Storm. Mwaka 1934 Gernsback alianzisha chama cha wasomaji, Science Fiction League, kilichopata matawi hadi Leeds, Uingereza. Donald Wollheim, ambaye hakulipwa hadithi yake, alimdai kisheria, na mwaka uliofuata akafukuzwa uanachama. Kufikia 1938 yeye na wenzake wenye siasa za mrengo wa kushoto walikuwa na kundi lao, Futurians.

Tarehe 2 Julai 1939 mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi hizi ulifunguliwa Caravan Hall, New York, na watu wapatao 200 wakahudhuria. Moskowitz, aliyetimiza miaka 19 siku mbili kabla, alikuwa miongoni mwa waandalizi. Vikakutwa vijitabu vilivyowaonya wajumbe juu ya udikteta wa waandalizi hao, na Futurians sita wakazuiwa kuingia, wakiwemo Wollheim, Frederik Pohl na Cyril Kornbluth, mtoto wa miaka 16. Kumbe aliyeviandika, David Kyle, alikuwa ndani! Isaac Asimov, Futurian mwenzao, aliingia bila kuzuiwa. Moskowitz ameeleza kwamba alilinda mkutano usivurugwe. Pohl, katika kumbukumbu zake za 1978, anasimulia kwa upande wa waliobaki nje. Anayesoma kimoja bila kingine amesikiliza shahidi mmoja tu.

Waliofukuzwa hawakupotea. Pohl aliliongoza jarida la Galaxy, na Wollheim akaanzisha DAW Books mwaka 1971.

Mkutano wenyewe ulisimama 1942 hadi 1945 kwa sababu ya vita, kisha ukazunguka dunia: Chengdu 2023, Glasgow 2024. Afrika haijawahi kuuandaa. Kigali imejitokeza kuuomba wa 2028, na ombi hilo lilistahili kuja miaka mingi iliyopita.