Majilio kabla ya mishumaa minne

Mwishoni mwa Novemba, matangazo ya baada ya komunyo katika parokia za Kilimanjaro huwa marefu kuliko kawaida. Katibu wa halmashauri ya walei husoma ratiba ya maungamo kigango kwa kigango, zamu za jumuiya kupamba kanisa, tarehe za noveni ya Noeli, kisha mahitaji ya wajane na wagonjwa: mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni, nguo zilizofuliwa. Waumini humsikiliza nusunusu. Akili ziko kwenye nauli, ada za Januari na ndugu watakaopanda kutoka Dar es Salaam.

Orodha ile ina umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Ibada, toba na sadaka zilikuwa zimeshikana kabla Majilio hayajapata jina, kabla ya Dominika zake nne na karne nyingi kabla ya taji la mishumaa. Naileta historia hii kwa sababu katika miaka yetu kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kimekatika kutoka kwa vingine, na waliovifunga pamoja tangu mwanzo walikuwa na sababu nzuri.

Mwaka 380 maaskofu 12 walikutana Zaragoza, Hispania. Kanuni yao ya nne iliagiza kwamba kuanzia 17 Desemba hadi Epifania, tarehe 6 Januari, siku 21 mfululizo, Mkristo asikose kanisani. Asijifungie nyumbani, asikimbilie shambani, asipande milimani, asitembee peku. Maaskofu walikuwa wanawalenga wafuasi wa Prisciliano, ambao walijitenga na kusanyiko ili wafanye mazoezi yao makali ya kiroho faraghani. Noeli haitajwi kabisa katika kanuni hiyo. Kinachotajwa ni kuja kanisani kila siku, pamoja na wengine. Kwa hiyo maandalizi ya zamani kabisa ya Desemba tunayoyajua kwa maandishi yanamkataza mtu kutubu kivyake na kuwaacha jirani zake nje ya toba hiyo.

Roma ilikuwa na desturi yake. Papa Leo Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kuanzia 440 hadi 461, ametuachia mahubiri tisa kuhusu mfungo wa Desemba. Watu walifunga Jumatano na Ijumaa, na Jumamosi wakakesha kwenye kanisa la Mtakatifu Petro. Roma ya wakati huo haikuwa bado na Dominika za Majilio, ila mfungo huo ulikuja kuingizwa ndani ya Majilio na ukadumu humo hadi karne ya 20.

Hoja ya Leo inaeleweka vizuri sana kwa mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya mkulima. Mavuno yote yameshaingia ndani, alisema. Nafaka iko ghalani, divai iko kwenye mapipa. Wakati wa njaa watu hula kidogo kwa sababu hawana, na hapo hakuna la kujivunia. Mtu anapojizuia huku ghala limejaa, hapo ndipo anamshukuru Mungu kwa vitendo. Na chakula alichojinyima kina mwenyewe tayari, naye ni maskini. Leo alilisisitiza jambo hili mwaka hadi mwaka bila kuchoka. Kufunga bila kutoa, kwake, kulikuwa kuutesa mwili tu, roho ikibaki kama ilivyokuwa. Anayefunga ili akiba ibaki mfukoni mwake alimwita bahili, wala si mwenye kiasi.

Tazama alivyoiunganisha hesabu. Sadaka haikutoka kwenye ziada, wala haikutegemea mwenye nacho aguswe moyo siku hiyo. Ilitoka kwenye sufuria ya kila nyumba, siku zinazojulikana, hata nyumba ya mtu wa kawaida ambaye hana ng'ombe wa kuuza. Toba ilionekana mezani, na ikatoka mezani kwenda kwa jirani.

Huko Galia, Ufaransa ya leo, Askofu Perpetuo wa Tours aliweka utaratibu mrefu zaidi. Gregori wa Tours, mwanahistoria na mmoja wa warithi wake, ameandika kwamba Perpetuo, aliyefariki karibu na mwaka 490, aliagiza mfungo wa siku tatu kwa wiki kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, hadi Noeli. Mwanzoni mwa miaka ya 580 maaskofu waliokutana Mâcon waliithibitisha desturi hiyo: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kufunga, na Misa ziadhimishwe kwa namna ya Kwaresima.

Tarehe ya mwanzo inanigusa. Martino alikuwa askari. Katika lango la mji wa Amiens, wakati wa baridi kali, alikutana na ombaomba asiye na nguo, akachomoa upanga, akaligawa vazi lake katikati na kumpa nusu. Wakristo wa Galia waliingia katika toba yao ya majira ya baridi kwa kumkumbuka mtu huyo. Hadi leo, katika mwaka C wa masomo ya Misa, Dominika ya tatu ya Majilio humleta Yohane Mbatizaji kando ya Yordani. Makutano wanamwuliza wafanye nini ili watubu, na jibu lake la kwanza linahusu nguo: mwenye mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru anawaambia wasizidishe kodi, askari anawaambia wasinyang'anye na waridhike na mishahara yao. Hakumtuma mtu yeyote jangwani.

Roma ilipopata Dominika zake za Majilio, vitabu vya zamani vya Misa viliweka tano, vingine sita, mpaka nne zikazoeleka. Sifa ya kuzipunguza hupewa Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza kuanzia 590 hadi 604. Milano, kwa kufuata madhehebu ya Mtakatifu Ambrosi, bado huadhimisha wiki sita. Gregori alianza kazi baada ya mto Tiber kufurika na tauni kumwua mtangulizi wake, Pelagi wa Pili. Katika moja ya mahubiri yake ya mwanzo alifafanua Injili ya ishara katika jua, mwezi na nyota, na akawakumbusha watu kimbunga cha juzi yake kilichong'oa miti mikongwe na kuangusha nyumba na makanisa. Injili hiyo ilipata makao ndani ya Majilio na haijaondoka. Ndiyo maana Mkristo anayeingia kanisani Dominika ya kwanza akitarajia habari za mtoto horini hukutana na mwisho wa dunia na amri ya kukesha. Majilio huanzia kwenye hukumu, kisha taratibu hushuka Bethlehemu.

Mashariki mfungo haukufupishwa. Waorthodoksi hufunga siku 40 kabla ya Noeli, na parokia zao za Kenya, Uganda na Tanzania hufuata utaratibu huo. Ethiopia hufunga siku 43, bila nyama, bila maziwa, bila mayai. Anayetaka kuona Majilio ya Perpetuo yakiwa hai hana haja ya kwenda Tours. Addis Ababa ni karibu zaidi.

Sasa taji. Mwaka 1833 mwanatheolojia kijana wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alifungua Rauhes Haus, nyumba ya kulelea watoto wa kimaskini wa Hamburg, wengi wao waliookotwa katika mitaa ya dhiki. Inasimuliwa kwamba watoto wale hawakuacha kumwuliza Noeli itafika lini. Mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni akapachika mishumaa 24: midogo 20 myekundu kwa siku za juma, mikubwa minne myeupe kwa Dominika. Kila jioni mmoja uliongezwa na kuwashwa. Majani mabichi yalikuja baadaye, na desturi ilipoingia majumbani mishumaa ikabaki minne. Wakatoliki wa Ujerumani walisitasita kwa muda mrefu. Taji lilining'inizwa katika kanisa lao kwa mara ya kwanza mjini Cologne mwaka 1925.

Linganisha na historia yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na miaka ya 1890 walikuwa wameshajenga misheni Kilema na Kibosho. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893. Ukatoliki wa Kilema, basi, ni mkongwe kuliko taji la Majilio katika kanisa Katoliki lolote duniani. Babu zetu waliobatizwa kwanza waliyajua Majilio kwa rangi ya zambarau, kwa kunyamaza kwa Utukufu, na kwa mfungo wa Desemba. Mishumaa iliwakuta.

Na neno la toba liliwakuta Wachaga wakiwa na njia yao ya kuomba radhi. Aliyemkosea mwenzake hubeba jani la isale, mmea ule wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi ya wazee, akampelekea mwenzake huyo, mwenyewe au kwa mkono wa mtu anayeheshimika. Kulikataa ni jambo zito. Ukoo mzima utakuuliza. Kulipokea kunafungua mazungumzo, na kama kuna fidia, italipwa. Makatekista wanaoutumia mfano huu katika mafundisho ya Desemba hawapotezi muda kueleza, kwa kuwa kila mtu kanisani amewahi kuona isale ikipelekwa mahali. Wanachosisitiza ni kwamba isale hailetwi kwa siri kabisa. Lazima yule uliyemkosea ajue inatoka kwako.

Wiki ya mwisho kabla ya Noeli parokia za milimani hujaa. Mapadre huazimana: leo watatu wanaungamisha huku, kesho wote wanahamia parokia ya jirani. Viti huwekwa mbali mbali, kimoja karibu na grotto, kingine chini ya mti, kingine nyuma ya sakristia. Wanawake wa hapa hapa wameshaungama wiki ya kwanza na ya pili. Foleni ya mwisho ni ya waliotoka mjini, wanaume wengi, mikono nyuma, simu zimezimwa. Wengine hawajaungama tangu Noeli iliyopita. Wanaofika kwa ajili ya nyama na pombe ya ndizi hufika pia kwa ajili ya hili, na hapo Majilio ya kale yangali na nguvu zake zote.

Kilichokatika ni sadaka itokayo mezani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilibakiza mfungo wa siku chache tu za Desemba, na mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita, kwa waraka wake Paenitemini, aliziondoa na hizo, akaacha Ijumaa za mwaka na Kwaresima kuwa nyakati za toba kwa Kanisa lote. Kanuni mpya za mwaka wa liturujia za 1969 zikayaeleza Majilio kuwa kipindi cha kutazamia kwa ibada na furaha. Sina ugomvi na furaha hiyo. Lakini mfungo ulipoondoka uliondoka na chanzo cha sadaka aliyoihubiri Leo, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Kwaresima ina kampeni yake, na Kenya ina mada ya kitaifa ya kila mwaka inayojadiliwa katika jumuiya. Majilio yameachiwa tangazo la katibu.

Hatukosi watu wakarimu. Nenda kwenye usharika wowote wa Kilutheri (KKKT) siku ya mavuno. Ibada ikiisha, watu husimama nje kwenye mnada: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, trei ya mayai, miwa, kikapu cha maparachichi. Mzee ananunua yale mayai, analipa, kisha anayarudisha yauzwe tena. Trei moja huuzwa mara tatu, mara nne, na watu wanashangilia. Ni sadaka nzuri na nimeipenda tangu utoto. Mara nyingi fedha yake huenda kwenye paa la kanisa, vyombo vya kwaya au gari la mchungaji, mambo yanayohitajika. Ila mtoaji hutoa alicho nacho cha ziada, na asiye na ziada husimama pembeni akiangalia. Sadaka ya Leo haikumweka mtu pembeni. Aliyejinyima mlo alikuwa ametoa tayari, na hakuna aliyemtangaza jina.

Kwa hiyo ninalo pendekezo kwa parokia zetu, na ni la kizamani kabisa. Jumatano na Ijumaa za Majilio, siku zile zile za Roma ya karne ya tano, nyumba zinazokubali zisinunue nyama, maziwa ziwaachie wagonjwa na watoto. Fedha ambayo ingekwenda buchani iwekwe kwenye bahasha isiyoandikwa jina. Jumuiya ndogo ndogo ndizo zinazojua nani amelazwa, nani amefiwa, mtoto wa nani ameachishwa shule. Basi bahasha zikusanywe huko, zipelekwe altareni Dominika ya tatu pamoja na mkate na divai, na zigawiwe kabla ya tarehe 24 ili mjane naye apike siku ya sikukuu. Hili halihitaji kibali cha Roma. Halmashauri ya parokia inaweza kulipitisha katika kikao kimoja cha Oktoba.