Taifa Leo

Taifa Leo ni gazeti la kila siku la Kiswahili linalochapishwa Nairobi na shirika la Nation Media Group. Lilianza mwaka 1958 kama gazeti la kila wiki kwa jina la Taifa, likawa la kila siku Januari 1960. Liliitangulia Daily Nation, gazeti la Kiingereza la shirika hilo lililotoka mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 1960, kwa karibu miezi tisa.

Chimbuko

Mwanzilishi wa Taifa alikuwa Charles Hayes, Mwingereza aliyekuwa akiishi Kenya. Mwaka 1959 gazeti lilinunuliwa na Aga Khan wa Nne, Karim al-Hussaini, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 22 na miaka miwili tu kwenye uimamu wa Waismailia. Kazi ya kulijenga shirika alipewa Michael Curtis, aliyewahi kuwa mhariri wa News Chronicle la London.

Wakati wenyewe ulikuwa mwafaka. Januari 1960, mwezi uleule Taifa Leo lilipoanza kutoka kila siku, serikali ya kikoloni iliondoa Hali ya Hatari, na wajumbe wa Kenya wakaketi Lancaster House, London, kujadili katiba. Magazeti makubwa hayakuwa yakimhesabu Mwafrika kuwa msomaji. East African Standard, lililoasisiwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee likiitwa African Standard, lilikuwa limegeuka kuwa sauti ya walowezi. Kampuni iliyolimiliki ilikuwa pia na Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanza 1939 chini ya uhariri wa Francis Khamisi, lakini Baraza lilitoka mara moja kwa wiki. Mtu wa kawaida aliyetaka kujua leo kilichosemwa jana kuhusu uhuru alilipata hilo katika Taifa Leo.

Baraza lilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kenya Leo, gazeti la Kiswahili la chama tawala cha KANU lililozaliwa pamoja na Kenya Times katika miaka ya 1980, nalo likafifia na kutoweka.

Gazeti na shule

Aliyelivusha Taifa Leo pale wenzake walipozama ni mwalimu wa Kiswahili. Tume ya Mackay ya 1981 ilipendekeza mfumo mpya wa elimu, na mfumo huo, 8-4-4, ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima linalotahiniwa, pamoja na insha yake, katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani wa kwanza wa KCSE, wa kumaliza sekondari, ulipofanywa mwaka 1989, lazima hiyo ilikuwa imefika hadi kidato cha nne. Ghafla nchi nzima ilihitaji Kiswahili cha kusoma, na vitabu vilikuwa haba, hasa mbali na pwani ambako watoto hawakuisikia lugha hii nyumbani.

Gazeti liliziba pengo hilo kwa bidii ya kupigiwa mfano. Kurasa za elimu zilichapisha maswali ya majaribio na majibu yake, ufahamu, ngeli, methali na mifano ya insha. Zilichambua vitabu teule vya fasihi: Utengano cha Said Ahmed Mohamed, Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea vya Ken Walibora, Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Chozi la Heri cha Assumpta Matei. Waandishi wenyewe walialikwa kuandika safu. Walibora, aliyefariki Aprili 2020, aliandika humo kwa miaka, na hali kadhalika Wallah bin Wallah na Enock Matundura. Vyama vya Kiswahili vya shule vilipigwa picha na kuandikiwa habari, na mwanafunzi aliyeona jina lake gazetini alikuwa amepata tuzo isiyo na kifani. Shule nyingi zilinunua nakala kwa mafungu, kisha zikakata kurasa za mazoezi na kuzibandika kwenye mbao za matangazo.

Ushairi, dondoo na katuni

Ukumbi wa mashairi ni moyo wa gazeti. Shairi la kawaida humo ni tarbia: mishororo minne, mizani kumi na sita katika kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na kibwagizo kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Mtunzi husaini kwa lakabu na mji anakotoka. Mmoja huuliza swali, labda kuhusu mahari au ukame, na baada ya wiki moja au mbili hujibiwa na mwenzake wa kaunti nyingine kwa vina vilevile. Malumbano ya namna hii ni desturi ya kale ya Lamu na Mombasa, lakini gazeti liliwafungulia mlango watunzi wa Kakamega, Meru na Kisii, na kwa hilo pekee linastahili nafasi ya heshima katika historia ya fasihi ya Kiswahili.

Dondoo ni visa vifupi vya vijijini na mitaani. Kila kimoja hufunguliwa kwa jina la mahali kwa herufi kubwa, kisha huja kalameni (mwanamume) aliyefumaniwa, polo (jamaa) aliyekwepa deni la baa, kidosho (mrembo) aliyemkataa mchumba, na mdokezi asiyetajwa jina. Wahakiki wengine huzidharau. Wasomaji wengi huanza nazo.

Edward Gitau alichora humo katuni ya Juha Kalulu kwa miongo kadhaa.

Gusii

Mfano wa jinsi gazeti linavyomfikia msomaji mbali na Nairobi ni Gusii, magharibi mwa Kenya. Hakuna gazeti la kila siku la Ekegusii, lugha ya huko. Lugha hiyo ina redio zake, ikiwemo Egesa FM, lakini anayetaka habari za kila siku za kusoma huchagua kati ya Kiingereza na Kiswahili. Magazeti huchapishwa Nairobi usiku na kusafirishwa kwa magari kupitia Narok, Bomet na Sotik hadi Keroka na mjini Kisii. Masimba, makao makuu ya kaunti ndogo ya Masaba Kusini, haiko kwenye barabara kuu hiyo, hivyo nakala zake hutegemea matatu za kutoka Keroka. Zikifika, nakala moja hutumikia wengi: kwa kinyozi, kwa fundi wa viatu, kwenye chumba cha walimu. Kesho yake hutumika kufungia nyama buchani.

Hali ya sasa

Katiba ya 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Toleo la Jumapili huitwa Taifa Jumapili. Gazeti pia lina tovuti yake. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na kurasa za elimu zimeanza kufuata mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya 8-4-4.