Bandari Kavu: Forodha Inapohamia Bara

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayesubiri mzigo kutoka China humpigia simu wakala wake wa forodha kuuliza kontena limefika wapi. Jibu la kawaida ni kwamba meli imeshapakua na kontena limehamishiwa aisidii (ICD). Herufi hizo tatu za Kiingereza zimekuwa neno la kila siku Dar es Salaam, na magazeti yanapotaka Kiswahili huandika bandari kavu. Istilahi hiyo imeundwa vizuri. Kasoro iko kwenye matumizi, kwa sababu inabebeshwa vitu viwili ambavyo mwenye mzigo anapaswa kuvitofautisha: tofauti hiyo huilipia kwa fedha taslimu.

Bandari ni neno la Kiajemi, lile lile lililomo katika jina la Bandar Abbas, mji wa pwani ya Iran. Kavu nalo lilikuwa tayari na kazi ya ubaharia. Waswahili husema nchi kavu kwa maana ya ardhi, na baharia hushuka nchi kavu hata siku mvua inanyesha. Ndiyo maana anayesikia bandari kavu kwa mara ya kwanza hafikirii bandari iliyokaukiwa na maji, bali bandari iliyo barani. Wachache hudhani hapo hupita bidhaa kavu tu, lakini mafuta ya kula yaliyomo katika kontena la tangi nayo hupita. Wengine huichanganya na chelezo, mahali meli inapoundwa au kupandishwa ili itengenezwe, kama ile ya Mwanza. Hivyo ni vitu mbali kabisa.

Kwa nini bandari iweze kuhama baharini? Kwa sababu kazi zake ni nyingi na ni moja tu inayodai maji. Meli lazima ifunge gatini ipakue. Baada ya hapo shehena huhifadhiwa, hukaguliwa, hutozwa ushuru, kisha hukabidhiwa mwenyewe, na kazi hizo zote zinaweza kufanyika popote palipo na uwanja, reli au barabara, na ofisi ya forodha.

Zamani hazikutenganishika. Makuli walibeba gunia kwa gunia, na kila kitu kilihesabiwa pale pale gatini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa na makontena 58, katika mpango wa Malcom McLean, aliyekuwa mwenye kampuni ya malori. Kuanzia hapo mzigo uliweza kufungwa kiwandani na kufunguliwa ghalani kwa mnunuzi, huku bandari ikiwa kituo cha kupita tu.

Ukilisogelea kontena utaona mlangoni herufi nne na tarakimu saba. Herufi ya nne huwa U, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, ili karani akinakili vibaya kompyuta ing'amue. Kwenye komeo kuna lakiri, pini nene ya chuma yenye namba yake, ambayo haitoki ila ikatwe. Namba zote mbili huandikwa kwenye hati ya shehena. Zikilingana, na lakiri ikiwa nzima, ofisa wa forodha anaweza kuuacha mzigo uende kukaguliwa mbele ya safari, mamia ya kilomita kutoka pwani. Bandari kavu imejengwa juu ya imani hiyo katika kipande cha chuma.

Karne ya 19 haikuwa na imani ya namna hiyo. Ushuru wa pwani ya Sultani wa Zanzibar ulikodishwa, na kwa miaka mingi uliokusanywa ulipitia mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyotoka Kutch, India. Pembe za ndovu zilitoka Ujiji na Tabora kwa misafara, zikatozwa ushuru zilipofika pwani. Tabora ilikuwa na maghala, madalali, wapagazi na kila dalili ya soko kubwa, ila forodha ilibaki baharini. Kwa maana ya leo haikuwa bandari kavu.

Mkataba wa kimataifa kuhusu bandari kavu, uliofunguliwa kutiwa saini Bangkok mwezi Novemba 2013 chini ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Asia na Pasifiki, unaielezea kuwa mahali bara palipounganishwa na njia moja au zaidi za usafiri, panapohudumia, kuhifadhi na kukagua bidhaa za biashara ya kimataifa na kukamilisha taratibu za forodha. Nchi za Afrika Mashariki hazimo katika mkataba huo, lakini maelezo yake yanasaidia. Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, swali zito zaidi ni hati ya shehena inaishia wapi.

Chukua kontena la vigae linalokwenda Bujumbura. Tangu 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Himaya Moja ya Forodha, kwa hiyo kodi ya Burundi inaweza kukadiriwa na kulipwa mzigo ukiwa bado Dar es Salaam. Hilo limepunguza foleni mipakani. Lakini hati ikisema safari ya kampuni ya meli imekoma Dar es Salaam, kila kinachofuata ni juu ya mwenye mzigo. Anatafuta lori, anaweka dhamana ya kontena, na lazima alirudishe tupu hadi pwani kabla ya siku za bure kwisha, la sivyo tozo ya ucheleweshaji inaanza kuhesabiwa siku hadi siku. Hati ikifika hadi Isaka, Shinyanga, zaidi ya kilomita 900 ndani kwa reli, kampuni ya meli inabeba sehemu hiyo ya safari, na mzigo unakabidhiwa karibu zaidi na njia za mipakani za Rusumo na Kabanga.

Yadi nyingi za Dar es Salaam zinazoitwa bandari kavu hazimpi mtu huyo nafuu hiyo. Zina ofisa wa forodha, ni kweli, na bila hizo gati zingejaa hadi meli zikose pa kushushia. Ila ni vipenu vya bandari kubwa. Jina la yadi ya makontena lingezitosha, na bandari kavu lingebaki kwa mahali kama Isaka au Embakasi.

Embakasi, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1984, na historia yake inaonyesha kwamba kuhamisha forodha ni kuhamisha riziki. Mwaka 2019, baada ya reli ya kisasa kuanza kazi, serikali ya Kenya iliagiza mizigo ya bara isafirishwe kwa treni na kukaguliwa Nairobi. Mombasa iliwaka. Madereva, wenye malori, mawakala wa forodha na akina mama lishe waliotegemea shughuli hizo waliona bandari yao ikibaki na kreni tu, na watu wakaandamana. Malalamiko yao yalikuwa ya haki: reli ilihitaji mizigo ili mkopo wake ulipwe, na jiji zima likabebeshwa gharama. Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zinarudishwa Mombasa.

Tanzania imeingia uwanjani upya na Kwala, mkoani Pwani. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 31 Julai 2025, siku moja na treni ya mizigo ya reli ya kisasa, na nchi jirani zikiwemo Burundi, Rwanda, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimetengewa maeneo humo. Mwenye mzigo wa Lubumbashi au Bujumbura atakayetaka kujua kama Kwala ni bandari kavu kwake asome hati ya shehena pale panapotajwa mahali pa kukabidhiana. Pakiwa pameandikwa Dar es Salaam, nauli ya kutoka gatini, dhamana ya kontena na hatari ya njiani bado ni zake.