Apdeti za mapema za simu: nani anazipata, na zinaweza kukugharimu nini

Kila mwaka Google na Apple wakishatangaza toleo jipya, swali kwenye intaneti kafe ni lilelile: nalipataje kabla ya wengine? Jibu fupi ni kwamba siku hizi karibu kila mtu anaweza kulipata. Kulipata sio ishu. Ishu ni kwamba wengi hawajui wanachoingiza kwenye simu ni cha ngazi gani, na wakikwama watatokaje. Kwa kijana wa Haneti, mwenye simu moja ambayo ndiyo benki yake na ndiyo ofisi yake, kukwama maana yake ni kupanda gari hadi Dodoma mjini kumtafuta fundi. Kwa hiyo tuyapange vizuri.

APDETI YA MAPEMA NI NINI

Mfumo endeshi ndio programu mama ya simu: Android au iOS. Kabla toleo jipya halijaitwa kamili, kampuni hulitoa likiwa bado linapikwa, ili watu walijaribu na kuripoti kasoro. Hilo ndilo toleo la majaribio, maarufu kama beta. Halijafichwa wala si haramu. Ila aliyelitoa anakwambia mapema kuwa lina kasoro, na wewe unakubali unapobonyeza "Nakubali" bila kusoma.

NGAZI ZA KULIPATA

Ngazi ya kwanza ni ndani ya kampuni. Wafanyakazi wenyewe ndio wanaojaribu. Wewe na mimi hatufiki huko.

Ngazi ya pili ni ya watengeneza programu. Juni 2014 Google ilitoa toleo la namna hii la Android L, ile iliyokuja kuitwa Lollipop, kwa ajili ya Nexus 5 na Nexus 7. Toleo la ngazi hii limekusudiwa mtu anayetaka kuona kama programu yake itafanya kazi kwenye mfumo mpya, halikusudiwi mtu wa kupiga picha na kuchati. Julai 2025 Google iliondoa utaratibu huo na kuweka njia inayoitwa Canary, ambayo hutoa matoleo mabichi kwa mwaka mzima. Ukiona neno Canary, jua hicho hakijaiva kabisa.

Upande wa Apple, hadi mwaka 2023 beta ya watengeneza programu ilitakiwa ulipie uanachama wa dola 99 kwa mwaka. Hapo ndipo biashara ya ujanja ilipozaliwa: mtu mwenye akaunti iliyolipiwa aliruhusiwa kusajili vifaa 100 vya majaribio kwa kila aina, basi akawauzia wengine nafasi. Kuanzia iOS 17, Juni 2023, Apple ikafungua beta hiyo bure kwa yeyote mwenye akaunti yake. Kwa hiyo mtu akikutoza hela leo ili akuwekee beta ya iPhone, anakuuzia kitu cha bure.

Ngazi ya tatu ni beta ya wazi. Apple iliifungua kwa iPhone mwezi Machi 2015, ikianza na iOS 8.3. Google ilianzisha mpango wake wa beta mwaka 2016, wakati wa Android N: unajisajili kwenye tovuti yao, apdeti inakuja yenyewe hewani. Beta hii imepoa kidogo kuliko ya ngazi ya pili, lakini bado ni beta.

Ngazi ya nne ni toleo kamili linalotoka kwa awamu. Wengi hawajui kama hii nayo ni ngazi. Kampuni nyingi za Android hupeleka apdeti kamili kwa asilimia ndogo ya simu kwanza. Kukiwa na tatizo husimamisha, yakiwa shwari huongeza. Ndiyo maana jirani yako mwenye simu kama yako anaweza kuipata wiki mbili kabla yako. Hujasahaulika, uko kwenye foleni tu.

TECNO NAYO ILIINGIA

Zamani beta ilikuwa mambo ya wenye Nexus na Pixel, simu ambazo huku hazionekani. Mwaka 2017 Google ilipanga upya Android kwa mradi ulioitwa Treble, ukatenganisha programu ya vifaa vya ndani vya simu na mfumo wenyewe, na kazi ya makampuni mengine kuandaa toleo jipya ikapungua. Mei 2019, Android Q Beta 3 ilipotangazwa, ilikuwa inapatikana kwenye simu 21 za makampuni 13. Mojawapo ni Tecno Spark 3 Pro. Tecno, wadau, ile ile inayouzwa kila kona kuanzia Kariakoo hadi Dodoma. Baadaye Tecno Camon 17 ikaingia kwenye beta ya Android 12, na Camon 19 Pro 5G kwenye ya Android 13.

Hili lina maana kubwa kuliko sifa. Ukiachia watu wa California peke yao wajaribu, nani ataona kwamba laini mbili zinagombana, kwamba menyu ya kutuma pesa inakatika katikati, au kwamba simu inapoteza mtandao ukitoka mjini na kuingia eneo la 2G? Kasoro za huku zinaonekana huku. Kwa hiyo simuambii mtu asijaribu. Nasema ajaribu akijua.

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Tusitishane kwa maneno matupu, matukio yapo.

Septemba 2007 Apple ilitoa iPhone 1.1.1. Ilikuwa imeonya siku chache kabla kwamba simu zilizofunguliwa ili zitumie laini za mitandao mingine zinaweza kufa baada ya apdeti. Zikafa kweli, nyingi tu. Watu wakabaki na tofali la bei mbaya.

Septemba 24, 2014, iOS 8.0.1 ilitoka ikiwa toleo kamili, sio beta. Kwenye iPhone 6 na 6 Plus ikakata mtandao wa simu na kuzuia alama ya kidole. Apple ikaiondoa baada ya kama saa moja, ikasema simu zilizoathirika hazifiki 40,000, na kesho yake ikatoa 8.0.2.

Juni 2019 Google ilisimamisha Android Q Beta 4 kwa sababu simu nyingine zilikuwa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, bila kufika popote. Hizo zilikuwa Pixel, simu za Google mwenyewe.

Mei 2021 OnePlus iliondoa beta ya Android 12 ya OnePlus 9 baada ya watu kuripoti kwamba simu zao zimekuwa matofali.

Angalia tofauti hapo. Toleo kamili likiharibika kampuni hukimbia kurekebisha, maana mamilioni ya watu wanapiga kelele. Beta ikiharibika, ulishakubali mwenyewe.

HATARI INAYOUMA ZAIDI HUKU: PESA

Programu za benki hukagua simu kabla ya kufunguka. Zikiona mfumo hautambuliki au simu imefunguliwa ndani, nyingine zinagoma. Utasema, mimi natumia menyu, *150*00# au *150*01#, sihitaji programu. Kweli, menyu hiyo haipiti kwenye intaneti wala haitegemei programu ya kudaunilodi. Lakini inategemea mtandao wa simu wenyewe. Ikitokea kama ile ya 8.0.1, ambapo simu inaonesha picha na saa vizuri ila hakuna mtandao, basi menyu nayo imekufa. Pesa yako ipo salama kwa kampuni, wewe ndiye huwezi kuifikia, hadi laini uihamishie kwenye simu nyingine. Mwenye simu ya akiba, hata kile kitochi cha batani, ana nafuu kubwa.

KUINGIA RAHISI, KUTOKA SHUGHULI

Hapa ndipo wengi wanalia. Kwenye Android, ukitoka kwenye beta kurudi toleo kamili la zamani, simu inafutwa yote: picha, meseji, kila kitu. Kwenye iPhone, nakala ya akiba uliyoichukua ukiwa ndani ya beta hairudi kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo nakala ichukuliwe KABLA ya kuingia, na iwekwe kwenye kompyuta au kadi, sio kwenye simu hiyo hiyo.

Njia ya kutoka bila kufutiwa ipo, inataka subira. Subiri toleo kamili la mfumo huo huo lifike, liingize, halafu ndipo ujitoe kwenye mpango. Kwenye iPhone unazima beta kwenye mipangilio na kungoja toleo kamili linalofuata.

Na kuna milango isiyorudi nyuma kabisa. Android 13 ilipotoka Agosti 2022, Pixel 6, 6 Pro na 6a zikishaiingiza zilifungiwa kurudi Android 12, kwa sababu ya usalama. Anayelazimisha kurudi anaweza kuiua simu.

MLANGO WA NYUMA: BUTILODA, RUTI NA MAFAILI YA MTAANI

Hii si ngazi ya kampuni yoyote, ila ndiyo inayotumika sana mtaani. Butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza simu ikiwashwa na kuamua mfumo upi uruhusiwe. Ukiifungua, kwa kawaida simu inafuta data zote, na dhamana ya duka inaweza kuishia hapo. Kuruti ni kujipa mamlaka ya juu kabisa ndani ya simu. Unaweza kufanya lolote, na programu chafu ikipewa mamlaka hayo nayo inafanya lolote.

Halafu kuna kuflashi kwa faili la mtaani, lililopita kwenye mikono isiyojulikana. Kwanza, hujui limeongezewa nini. Pili, kwenye simu zenye chipu ya MediaTek, ambazo ni nyingi mno kwa Tecno na Infinix, fundi akichagua kufuta kila kitu anaweza kufuta pia sehemu inayohifadhi IMEI. Simu inawaka, inapendeza, ila haina namba ya utambulisho.

Kwa Tanzania hilo si dogo. Juni 16, 2016 TCRA ilizima simu zenye IMEI zisizotambulika nchi nzima, na watu wanakumbuka ule usiku. Kuibadilisha IMEI nako ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya EPOCA ya mwaka 2010. Kwa hiyo kabla ya fundi kugusa simu, piga *#06#, andika namba zote mbili kwenye daftari, na akimaliza piga tena ulinganishe mbele yake. Ukitaka kuhakiki, TCRA ilitangaza kutuma namba hiyo kwa meseji kwenda 15090.

USICHANGANYE BETA NA VIRAKA VYA USALAMA

Kuna wanaosikia hadithi hizi wakaapa kutoapdeti tena. Hilo nalo ni kosa. Julai 2015 lilitangazwa tobo la Stagefright, lililoweza kumwingiza mhalifu kwenye Android kupitia meseji ya picha au video, na simu zilizokuwa hatarini zilikadiriwa kufika milioni 950. Kuanzia Agosti mwaka huo Google ikaanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Viraka hivyo ni vya kuchukua. Ni vidogo kuliko mfumo mzima, na vinaziba matobo ambayo wezi wanayajua tayari.

Kwa kifupi: kiraka cha usalama, chukua. Toleo kamili jipya, subiri wiki moja au mbili usikie wenzako wanasemaje. Beta, fikiria mara tatu.

UKIAMUA KUJARIBU

1. Tumia simu ya pili, sio ile yenye laini ya pesa.
2. Chukua nakala ya akiba kwanza, uifungue uone kama kweli vitu vimo. Andika namba muhimu kwenye karatasi.
3. Pakua kutoka tovuti ya kampuni yenyewe tu. Hakikisha jina kamili la modeli kwenye "Kuhusu simu". Spark 3 na Spark 3 Pro sio kitu kimoja.
4. Mfumo mzima unaweza kuwa GB kadhaa, na bando la siku litakatika njiani. Pakulia mahali penye intaneti ya uhakika.
5. Chaji ivuke nusu kabla hujaanza. Kama unatumia kompyuta ya mezani, kumbuka umeme ukikatika katikati ya kuflashi, simu ndiyo inayoumia.
6. Usiingize siku ya mnada, siku ya kutuma ada, wala usiku wa kuamkia safari.
7. Ukikuta kasoro, iripoti. Eleza simu gani, laini gani, mtandao upi, na ulifanya nini mpaka ikatokea. "Inasumbua" haimsaidii mtu.

Namba 7 ndiyo sababu beta zipo. Anayeingia ili aonekane tu ana toleo jipya anabeba hatari yote na hasaidii kitu. Anayeripoti kwamba menyu ya pesa inakatika kwenye laini ya pili amewasaidia watu wa Haneti, Kondoa na Kigoma ambao hawatamjua kamwe.