Umbali kati ya Shinyanga na Geita

Umbali kati ya Shinyanga na Geita, miji miwili ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ni takriban kilomita 160 kwa mstari mnyoofu. Kwa barabara ya lami kupitia Usagara, safari ni ya takriban kilomita 230. Njia hiyo huvuka Ghuba ya Mwanza, mkono mrefu wa Ziwa Viktoria unaoingia nchi kavu kuelekea kusini.

Miji yote miwili ni makao makuu ya mikoa. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa maeneo yaliyotoka katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera.

Barabara

Kutoka Shinyanga barabara inaelekea kaskazini kupitia Maganzo, karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha Misungwi hadi Usagara. Hapo inageuka magharibi hadi Kigongo, inavuka ghuba kwenda Busisi, halafu inapita Sengerema hadi Geita.

Kwa miaka mingi magari yalivushwa kwa kivuko. Muda wa safari ulitegemea foleni, na hata wagonjwa waliopelekwa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza kutoka upande wa Geita walilazimika kungoja. Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025. Sasa gari huvuka kwa dakika chache. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, safari nzima huchukua karibu saa 4.

Njia nyingine hupitia Kahama na Kakola, ulipo mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu.

Reli

Shinyanga iko kwenye reli ya Tabora–Mwanza, iliyofika Mwanza mwaka 1928. Geita haina reli.

Ndege

Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingemaliza kilomita 160 kwa dakika 32 hivi. Ukiongeza muda wa kupaa na kutua, ni kama dakika 40. Hesabu hiyo ni ya mji hadi mji, lakini viwanja haviko mjini. Kiwanja cha Shinyanga kiko Ibadakuli, nje kidogo ya mji. Kiwanja cha Geita kimejengwa wilayani Chato, zaidi ya kilomita 50 magharibi mwa mji wa Geita, kwa hiyo abiria anayeshuka hapo hurudi mashariki kwa gari. Kiwanja kikubwa zaidi katika kanda hii ni cha Mwanza.

Saa

Miji yote hutumia Saa za Afrika Mashariki. Hata hivyo, kwa kuwa Geita iko magharibi zaidi kwa nyuzi 1.2 hivi, jua hufika utosini huko karibu dakika 5 baada ya Shinyanga.